Chembe za dhahabu juu ya kioo: kukausha tone au kuchovya?

Tukikaa kunywa kahawa hapa Tengeru, ubishi ni uleule: chembe za nano (ndogo mno) za dhahabu zipangwe kwenye kioo kwa kukausha tone la maji yenye chembe hizo, au kwa kuchovya ndani ya maji hayo kioo kilichopakwa sileni, kemikali inayoshika kioo?

Kwa gharama, tone limeshinda mapema. Pipeti, kioo kisafi na subira, basi.

Shida ni usawa. Tazama tone la kahawa likikauka mezani: weusi wote hukimbilia ukingoni, katikati pakabaki peupe. Dhahabu nayo hufanya hivyohivyo, maana ukingo hukauka haraka na maji hutiririka kwenda huko yakibeba chembe. Kuchovya hakuna pete hiyo: vikundi vya amino vya ile sileni, vyenye chaji chanya, huzidaka chembe za dhahabu zilizofunikwa na sitireti (chumvi ya asidi ya limau), zenye chaji hasi, nazo chembe husukumana zenyewe. Ila hazisongamani sana, na sileni haipendi unyevu. Ukiacha chupa wazi masika, umeipoteza.

Ukitaka mianya finyu kati ya chembe ya kukuza ishara ya Raman, yaani mwanga uliotawanywa unaotambulisha molekuli, kausha tone, uvumilie pete. Ukitaka kioo cha leo kifanane na cha jana, chovya. Mimi ninavyo vyote viwili mezani, na chupa ya sileni naifunga kama dawa ya mtoto.