Kuonja mvinyo Kilimani: pilipili manga ndani ya glasi

Duka lenyewe ni dogo, liko ghorofa ya kwanza ya jengo la ofisi Kilimani, Nairobi, na usipoangalia utaupita mlango ukidhani ni kwa wakili. Alhamisi jioni huwa na kikao cha kuonja: glasi nne, mkate, jibini kidogo, shilingi 3,000. Mimi nauza viungo Ngara, pua ndiyo inayonilisha, kwa hivyo nilienda kunusa zaidi ya kunywa.

Kijana anayeongoza kikao hakutusumbua na Kifaransa. Alimimina Shiraz, mvinyo mwekundu, mbili za Afrika Kusini, moja ya Swartland kwenye joto, nyingine ya Elgin, vilima vyenye ubaridi vinavyojulikana zaidi kwa matufaha. Ya kwanza ilinukia jamu ya plamu, nzito, pombe ikipanda puani. Ya pili nilinusa, nikanusa tena. Pilipili manga! Tena iliyotoka kusagwa, si ile iliyolala kwenye pakiti.

"Mama, pua yako haikudanganyi," akasema. Kumbe ni kemikali ileile, rotundoni, iliyo kwenye pilipili manga, nayo hukaa kwenye ganda la zabibu. Kishada kilichokulia kivulini au penye baridi huwa nayo zaidi. Jua likikipasha moto sana, hupungua. Wifi yangu hakusikia harufu yoyote, akadhani tunamchezea. Akaambiwa takriban mtu mmoja kati ya watano huwa hivyo. Kuna wateja wangu nitawasamehe kuanzia leo.

Glasi ya tatu ilikuwa Sauvignon Blanc, mvinyo mweupe, ya Naivasha, na hapo nilinyamaza. Jua la ikweta ni kali, lakini Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa sweta. Kwenye joto zabibu huunguza asidi yake haraka. Ubaridi wa usiku huizuia, ndiyo maana uchachu ulikuwa bado hai mdomoni. Nyuma yake kulikuwa na pilipili hoho mbichi kidogo. Mkulima asiyeitaka harufu hiyo hung'oa mapema majani yanayofunika vishada ili mwanga upite, mara nyingi upande wa jua la asubuhi, maana la alasiri hubabua ganda.

Ya nne, Riesling ya Ujerumani, nayo mvinyo mweupe, ilinukia mafuta ya taa. Hiyo nayo huongezwa na jua kwenye kishada na miaka ndani ya chupa. Wengine walifurahi. Mimi nimepikia stovu miaka mingi, sihitaji kuinywa.

Lawama ninazo. Chumba kinatazama magharibi, mapazia hayafungi, na Shiraz ilifika ikiwa vuguvugu. Jamaa anahubiri madhara ya joto huku chupa zake zikiota jua dirishani. Halafu Dodoma ilitajwa kwa sentensi moja tu. Majirani zetu hapo Tanzania wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na hapakuwa na chupa yao hata moja!

Nilinunua ile ya Elgin kwa shilingi 2,800, bei ya haki. Ukienda, piga simu mapema kwa sababu viti ni vichache, kaa mbali na dirisha, na tafadhali usijipake manukato. Aliyeketi kando yangu alikuwa ameoga nayo.