Miezi mitatu na mipira ya kunasa manyoya: paka mweupe, sare nyeusi

Nina paka mweupe na sare nyeusi ya kazi. Yote mawili niliyachagua mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Paka anaitwa Chaki, na jina linamfaa: pale alipolala panabaki alama. Nguo chafu hazitaki kabisa. Yeye hungoja zifuliwe, zikauke, zikunjwe, ndipo anapanda juu yake na kujizungusha mara mbili tatu kabla ya kulala.

Ndiyo maana nilipoiona mipira ile sikufikiri mara mbili. Ni mipira sita ya plastiki laini, kila mmoja unaenea kiganjani, imejaa vimiba kama nungunungu mtoto. Pakiti ilisema unaitupa kwenye mashine pamoja na nguo, unafua kama kawaida, manyoya yanaganda kwenye vimiba na nguo zinatoka safi. Hakuna kuloweka, hakuna kusugua. Mtu aliyechoka kujibandua manyoya mapajani kila asubuhi huamini maneno kama hayo upesi.

Mara ya kwanza nilifurahi sana. Nilifungua mlango wa mashine nikaona mipira imevaa manyoya, mingine ina vishungi kabisa, nikaipiga picha nikamtumia dada yangu. Kisha nikaanika. Suruali ilipokauka nikaishika kwenye mwanga, na furaha ikaishia pale pale: kuanzia gotini kwenda chini ilikuwa imechorwa vistari vyeupe, na pindo la chini ndiyo usiseme. Mipira ilikuwa imenasa manyoya kweli. Ila yale yaliyobaki kwenye nguo yalikuwa mengi kuliko yaliyonaswa, na pakiti haikuniambia nihesabu upande huo.

Nikasema labda nimejaza mashine kupita kiasi. Nikapunguza nguo. Nikabadili programu nikaweka yenye maji mengi zaidi. Palikuwa na nafuu kidogo, lakini sikujua kama nafuu ile inatoka kwenye mipira au kwenye nafasi niliyoziachia nguo. Basi nikafanya jaribio langu la nyumbani. Nilichukua fulana mbili nyeusi za aina moja, nikazitandika kwenye kiti anacholalia Chaki (hakuhitaji kubembelezwa), nikaziacha siku mbili kwa zamu. Moja nikaifua na mipira, ya pili bila mipira, sabuni ile ile, programu ile ile, mashine ikiwa nusu. Zilipokauka nikabandika karatasi ya rola ya gundi (ile ya kubingirisha juu ya nguo ili inase manyoya) kifuani kwa kila fulana, nikaibandua, nikaziweka karatasi mbili pamoja. Tofauti ilikuwepo, sitaki kudanganya. Ila ilibidi nizisogeze dirishani ndipo niione.

Halafu kuna kisa cha mfuko wa duveti. Niliufua pamoja na mipira yote sita. Mashine ikaanza kugonga kama mtu anabisha hodi kwa kiatu. Ilipomaliza, sikuiona mipira. Nikapekua tangi, nikapekua hadi kwenye mikunjo ya ule mpira unaozunguka mlango, wapi! Kumbe mfuko ulikuwa umeimeza yote, imejikusanya kwenye kona moja, na pamoja nayo tonge la manyoya lililolowa, zito, limejiviringisha na soksi moja iliyokuwa haihusiki. Kwa hiyo kama una vitu vyenye mdomo wazi, vifunge vifungo vyake kwanza.

Nilichojifunza baadaye, na ambacho kingeniokolea muda, ni kwamba tatizo lenyewe ni maji. Unyoya mkavu umeketi tu juu ya kitambaa, ukiukung'uta unaweza kuondoka. Ukilowa unalala, unajibandika kwenye nyuzi, na tangi linavyozunguka linazidi kuusokomeza ndani. Unyoya nao si laini kama unavyodhani: ukitazamwa kwa hadubini una magamba yaliyopangwa kama vigae vya paa, na magamba hayo hushikana na nyuzi na kushikana yenyewe kwa yenyewe. Ndiyo sababu ile ile inayofanya sweta la sufu lijisokote na kuwa gumu likifuliwa vibaya. Yale manyoya marefu ya juu, yaliyo magumu, huchoma kitambaa kama sindano. Yale ya chini, malaika laini, hujiviringisha kuwa vidonge. Kwa hiyo kutegemea mpira ufanye kazi ndani ya maji ni kuianza kazi ikiwa imeshaharibika.

Kilichoniokoa ni glavu ya mpira. Ile ya kawaida kabisa ya kuoshea vyombo, ambayo ilikuwepo jikoni siku zote huku mimi nikiagiza vimiba. Naieleza kwa kirefu kwa sababu mtu akiikosea kidogo ataniona mwongo. Unavaa glavu, unailowesha, kisha unaikung'uta maji hadi ibaki na unyevu tu, ikichuruzika umeshaharibu. Tandaza suruali mezani, ikiwa kavu. Weka kiganja juu ya paja, kandamiza, vuta kuelekea kwako mara moja. Inua mkono, rudi juu, vuta tena. Usisugue kwenda na kurudi kwa sababu unarudisha ulichokusanya. Mvuto wa kwanza huoni kitu. Wa pili unaona ukungu mweupe unasogea mbele ya kiganja. Wa nne au wa tano ukungu umekuwa kamba, na kamba ile inajiviringisha yenyewe hadi inakuwa kama funza mnene wa manyoya, unamchukua kwa vidole viwili unamtupa. Mguu mmoja wa suruali ulinitolea funza watatu, na suruali hiyo nilikuwa nimeshaikung'uta nje. Nikaketi nikaitazama ile mipira kwa jicho baya.

Glavu haiwezi kila kitu. Kwenye sweta lililofumwa ovyoovyo huvuta nyuzi, kwa hiyo nenda taratibu. Kwenye blanketi la manyoyamanyoya la poliesta ni vita: kitambaa chenyewe kina manyoya, kinajijaza umemetuli kikisuguliwa, na kila unachokiondoa huku kinarukia kule. Blanketi hilo nalikung'uta nje kwa nguvu, nalipiga brashi, nalifua peke yake, na nimekubali kwamba halitakuwa safi tena katika maisha haya. Pamba nzito iliyofumwa kwa kubana ndiyo inayotii kuliko zote.

Dada yangu, yule niliyemtumia picha, ana mashine ya kukaushia, na mbwa wa kahawia anayepukutika kama mti. Yeye ananicheka. Anachofanya ni kuziingiza nguo kwenye mashine ya kukaushia KABLA ya kufua, zikiwa kavu, dakika 10 bila joto. Hewa inazipeperusha, manyoya yanaishia kwenye chujio, ndipo anafua. Nilipeleka mzigo wangu siku moja. Alipolichomoa chujio lilikuwa limevaa kiblanketi cha kijivu, unakibandua kizimakizima kama ngozi. Nikiwa mkweli hiyo ndiyo njia iliyonifurahisha kuliko zote, kuliko hata glavu. Ila mimi naanika kamba, na sitanunua mashine nzima kwa ajili ya paka. Kama unayo, tumia, na chujio ulisafishe kila mara, kwa sababu uchafu ule mkavu hushika moto kwa urahisi mno.

Mengine niliyojaribu nayapitia haraka. Siki nusu kikombe kwenye maji ya kusuuzia: sikuona tofauti ya maana kwenye manyoya, na tahadhari, usiichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, inatoa hewa ya sumu. Dawa ya kulainisha nguo inapunguza umemetuli, kwa hiyo manyoya yanadondoka kwa urahisi ukikung'uta nguo wakati wa kuanika; lakini inaacha utando, na mataulo yangu yakaanza kuogopa maji. Rola ya gundi ni ya mlangoni, dakika mbili kabla ya kutoka. Kufua nguo za wiki nzima kwa rola ni kumaliza karatasi bure.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Wiki ya saba mashine ilisimama katikati ya kazi, maji yamejaa, mlango haufunguki. Mashine nyingi za mlango wa mbele zina kifuniko kidogo chini kabisa pembeni, nyuma yake kuna chujio la pampu. Niliweka sinia, nikatandika taulo, nikafungua polepole. Maji yalitoka mengi kuliko sinia. Nikalichomoa chujio na pamoja nalo likatoka kitu cha kijivu, kinateleza, kirefu kama mkia, nikapiga ukelele nikidhani ni panya. Yalikuwa manyoya ya Chaki, uzi, na kimiba kimoja cha mpira kilichokatika. Sisemi kwamba kimiba ndicho kilichoziba. Nasema tu kilikuwepo. Tangu hapo nalisafisha chujio lile kila mwezi, na baada ya kufua matandiko ya paka napangusa tangi kwa kitambaa chenye unyevu, hasa mikunjo ya mpira wa mlango, maana usipofanya hivyo nguo zinazofuata, hata shuka za mgeni, zinakula manyoya yaliyobaki.

Tukiwa kwenye wageni: rafiki yangu mmoja hupiga chafya akifika kwangu hata nikimpa kiti kisicho na unyoya hata mmoja. Kinachomsumbua si unyoya wenyewe, ni protini iliyo kwenye mate na ngozi ya paka, ambayo hukauka na kuruka hewani. Kwa hiyo glavu peke yake haimsaidii mtu kama huyo. Nguo na matandiko lazima yafuliwe kweli, si kupanguswa tu.

Na kama ningeanza upya ningeanzia kwa mwenye manyoya. Sasa nampiga Chaki brashi jioni, dakika chache tu hadi mkia uanze kuchapa, na brashi moja hutoa manyoya ambayo yangegawanyika kwenye nguo zangu za siku mbili. Paka wa porini hubadili manyoya kwa kufuata urefu wa mchana, lakini huyu wangu anaishi chini ya taa mwaka mzima, kwa hiyo anapukutika mwaka mzima. Hakuna msimu wa kupumzika.

Mipira naipa nyota 2 kati ya 5. Si utapeli, inanasa inachoweza, na ukiitumia baada ya kukung'uta na kupitisha glavu inaokota yaliyosalia. Lakini lazima uichambue vimiba kimoja kimoja kila baada ya kufua, la sivyo inayarudisha manyoya ya leo kwenye nguo za kesho, na uchambuzi wenyewe unachukua muda kuliko kuipitishia suruali glavu. Minne ipo bado kwenye kikapu cha sabuni. Miwili Chaki aliichukua, na usiku naisikia ikigonga miguu ya meza.