Kliniki ya tiba kazi: wanamsikiliza mama, ila ripoti wanazichelewesha

Kwa miezi saba nimekuwa nikimpeleka mwanangu wa miaka minane katika kliniki binafsi ya utengamao hapa Dar es Salaam, inayotoa tiba kazi, yaani mazoezi ya kumwezesha mtu kufanya shughuli zake za kila siku, na tiba ya usemi. Alizaliwa na kichwa kikubwa, akawekewa ule mpira wa kuteremsha maji kutoka kichwani hadi tumboni, na baadaye akabainika kuwa na usonji, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na tabia. Jina la kliniki nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa nina malalamiko nayo.

Kabla ya kueleza huduma yao, sina budi kusema kilichonifikisha kwao. Mwaka jana mwanangu alianza kujipiga kichwani kwa kiganja kila alfajiri, na katika kituo kimoja cha afya niliambiwa kwamba hizo ndizo tabia za usonji. Nilijua sivyo, kwa sababu mtoto huyu akikasirika hujiuma mkono. Alipoanza kutapika kabla ya chai na kusinzia mchana kutwa, niligoma kuondoka mapokezi hadi tulipoandikiwa rufaa ya kupigwa picha ya kichwa. Mpira ulikuwa umeziba, akafanyiwa upasuaji mwingine.

Hapa kliniki, siku ya kwanza kabisa, mtaalamu alinivutia kiti upande wake wa meza na kuniuliza, "Mama, akiumwa hufanyaje, na akikasirika hufanyaje?" Majibu yangu aliyaandika kwa wino mwekundu katika ukurasa wa kwanza wa faili, pamoja na tarehe ya upasuaji na upande mpira ulipo. Tangu hapo, hata akishika zamu mtaalamu mgeni, huanza kwa kuniuliza kama mtoto amelala vizuri na kama ametapika, na mimi huepushwa na ile kazi ya kusimulia upya ambayo wazazi wenzangu wanaijua.

Kipindi ni cha dakika 45 kwa shilingi 40,000 taslimu, bei ambayo kwetu ni mzigo. Hata hivyo, mwanangu sasa hufunga vifungo viwili vya shati la shule, na hula ugali kwa mkono wake mwenyewe, mradi mboga isiguse ugali.

Sebule ya kusubiria ni kasoro ya wazi: runinga hupiga katuni kwa sauti ya juu, na kila nikiomba ipunguzwe hupunguzwa siku hiyo tu, kwa hiyo sisi husubiri nje chini ya mwembe. Kubwa zaidi ni ripoti. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inamtambulia mtoto wangu haki ya elimu, lakini mwalimu mkuu alitaka ripoti ya kliniki yenye mhuri ndipo ampangie dawati la karibu na mlango. Niliahidiwa wiki mbili. Ilitoka baada ya saba, tena ikisema kwamba mtoto "hana ushirikiano". Niliirudisha, nikaomba iandikwe kwamba hushirikiana akipewa agizo moja baada ya jingine, na kwa haki yao niseme kwamba walirekebisha siku ileile bila malipo.

Nitaendelea kumpeleka Jumanne na Ijumaa. Ripoti ya muhula ujao nimekwisha kuiomba kwa barua, na nakala yenye sahihi ya mpokeaji ninayo.