Mercedes C200 yenye kifurushi cha AMG Line: uzoefu wangu Dar es Salaam

Yeyote anayetafuta Mercedes C-Class iliyotumika kutoka Japani hufika mahali akakuta magari mawili ya mwaka mmoja, injini moja na kilomita zinazokaribiana, huku moja likiuzwa kwa bei ya juu zaidi kwa sababu tu lina maandishi ya AMG Line kwenye orodha ya vifaa vyake. Mimi nilinunua lile lenye maandishi hayo. Ni C200 ya umbo la W205, lililotengenezwa kuanzia 2014 hadi 2021, na langu ni la kabla ya maboresho ya 2018. Shemeji yangu anaendesha C200 Avantgarde ya kawaida isiyo na kifurushi hicho, na kwa kuwa tumezoea kubadilishana magari katika safari za Bagamoyo na Morogoro, nimepata nafasi ya kuyalinganisha kwa mwili wangu mwenyewe, si kwa kusoma matangazo.

Kwanza tuondoe dhana iliyoenea sana, kwamba AMG Line huongeza mwendo. AMG halisi ni kampuni iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1967 na Hans Werner Aufrecht na Erhard Melcher, waliokuwa wakitengeneza injini za mashindano, na leo inamilikiwa na Mercedes yenyewe. Gari lao la umbo hili, C63 S, lina injini ya V8 ya lita 4.0 yenye nguvu za farasi 510, injini inayounganishwa na fundi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho na kubandikwa kibati chenye saini yake. C200 yangu ina mitungi minne, lita 2.0 na nguvu za farasi 184, sawasawa na ya shemeji. Tukiyapandisha mlima wa Kitonga yote mawili, hakuna litakaloliacha jingine kwa sababu ya bampa. Anayetaka nguvu aweke fedha zake kwenye injini, na hilo ni gari jingine na matumizi mengine ya mafuta.

Kinachouzwa basi ni mwonekano pamoja na mambo machache yanayougusa mwendo. Nje kuna bampa za mbele na nyuma zenye matundu makubwa, sketi za pembeni, na rimu za AMG za inchi 18. Diski za breki za mbele zina matundu madogo. Springi na shokapu ni za kimichezo, na gari hukaa chini zaidi kwa takriban milimita 15. Ndani kuna usukani mnene uliokatwa bapa upande wa chini, viti vilivyokumbatia kiuno zaidi, pedali za chuma kisichoshika kutu zenye vitufe vya mpira, na dashibodi iliyovikwa ngozi ya bandia ambayo Mercedes huiita ARTICO.

Nitasema wazi kwamba sehemu ya ndani ndiyo iliyonifanya nisijutie. Usukani ni kitu ambacho dereva hukishika kila dakika ya safari, na huu unajaa kiganjani, una sehemu zenye vitundu pale mikono inapokaa, na hata baada ya foleni ndefu ya Barabara ya Bagamoyo jioni haunichoshi kama ule mwembamba wa Avantgarde. Viti navyo vina mabega yanayokushikilia gari linapokata kona za Mikese, na mke wangu, ambaye mgongo humsumbua katika safari ndefu, huomba tutumie hili kila tunapokwenda Morogoro na shemeji. Dashibodi iliyovikwa ngozi ya bandia haiakisi mwanga kwenye kioo cha mbele wakati wa jua la mchana, na kwa jiji kama letu, ambako gari hulala juani siku nzima, hilo si jambo dogo. Haya yote hayavunjiki kwenye tuta wala hayahitaji kubadilishwa kila baada ya muda.

Upande wa matairi mambo ni tofauti kabisa, na hapa ningeomba msomaji atulie kidogo. Rimu za inchi 18 za kifurushi hiki hutumia saizi mbili: 225/45 R18 mbele na 245/40 R18 nyuma. Namba ya katikati ni asilimia ya upana wa tairi inayokuwa kimo cha ukuta wake, kwa hiyo tairi la mbele lina ukuta wa milimita 101 na la nyuma milimita 98. Avantgarde ya shemeji inatumia 225/50 R17 pande zote, ukuta wa zaidi ya milimita 112. Sentimita moja na kidogo inaonekana si kitu hadi utakapoingia barabara za ndani za Salasala au Goba baada ya masika, pale ambapo lami imekatika na jiwe limebaki na ncha. Ongeza kwamba magari mengi ya aina hii huja na tairi za runflati, ambazo kuta zake zimeimarishwa ili gari liendelee kutembea hata upepo ukiisha, na ugumu huo wote unahamia kwenye rimu, kwenye bushi na kwenye mgongo wa abiria wa nyuma. Tena, kwa kuwa saizi za mbele na nyuma hazifanani, huwezi kuzibadilishana ili ziishe kwa usawa. Za nyuma, zinazosukuma gari, huisha mapema, na maduka yaliyozoea saizi za Toyota hayana 245/40 R18 kila siku.

Nilikuwa nimelijua hilo kabla ya kuagiza, hivyo bajeti yangu ilikuwa na rimu nne zilizotumika za inchi 17 tangu mwanzo. Fundi alijaribisha moja mbele kwanza ili kuhakikisha haigusi kalipa ya breki, na mtu yeyote anayefikiria njia hii asiruke hatua hiyo. Kipenyo cha tairi zima kinabaki karibu kilekile, milimita 657 kwa tairi la 225/50 R17 dhidi ya 660 ya tairi la mbele la inchi 18, kwa hiyo kipimamwendo hakidanganyi. Gari lilitulia papo hapo.

Bampa ya mbele siwezi kuibadilisha kirahisi hivyo. Ni nzuri kuitazama, lakini mdomo wake uko chini, na matuta ya mitaani kwetu hujengwa na wananchi wenyewe bila kipimo. Mimi hupita kwa mshazari, tairi moja moja.

Kabla ya kulipa, hakikisha kifurushi kimetoka kiwandani. Toa namba ya chesisi kwa wakala wa Mercedes akutolee orodha ya vifaa vya gari hilo. Vipuri halisi vya umbo hili huwa na namba inayoanza na A205, na nyuma ya rimu za AMG kuna alama yake. Bampa za kuigiza nilizoziona Kariakoo hupishana na fenda kwa upenyo unaoonekana kwa macho, na rangi yake huachana na ya bodi mapema. Kwa magari ya mnada wa Japani, soma pia karatasi ya ukaguzi, hasa mchoro wa sehemu za chini za bampa.

Kuhusu bei, kipimo changu ni hiki: tofauti kati ya gari lenye AMG Line na lisilo nayo isizidi gharama ya matairi manne mazuri. Ikizidi, ni afadhali kutafuta Avantgarde ya mwaka wa karibuni zaidi, kwa sababu TRA, mamlaka ya mapato, hutazama ujazo wa injini na umri wa gari, na lililovuka miaka minane hubeba ushuru wa uchakavu ambao hakuna sketi ya pembeni inayoufidia.

Kwa anayefikiria GLC, gari la juu la Mercedes la aina ya SUV, hesabu hubadilika. AMG Line ya gari hilo kwenye rimu za inchi 19 hutumia 235/55, yaani ukuta wa milimita 129, mrefu kuliko hata ule wa C-Class ya inchi 17. Huko ningechukua kifurushi kizima bila kugusa rimu.