Kuteremka Kitonga na Canter ya kukodi: breki ya mguu au gia?

Ukihama Iringa kwenda Dar es Salaam, mlima Kitonga unaushuka ukiwa na mzigo. Namna za kulizuia gari ni mbili.

Breki ya mguu peke yake, kwa gia ya nne au ya tano, ni rahisi dakika za mwanzo. Ukiikanyaga mfululizo, ngoma za breki hupata moto na kutanuka, laini (vipande vinavyosugua ngoma) zinapoteza mshiko, harufu ya kuungua inaingia kebini. Canter nyingi hutumia breki za mafuta: mafuta yakichemka hutoa mvuke, pedali inazama hadi chini na gari halishiki. Fuso za breki za upepo zina tatizo lao: ukipampu sana, upepo unakwisha kwenye tangi.

Gia ndogo huiachia injini kazi ya kulizuia gari. Ingiza ya pili au ya tatu kabla ya mteremko kuanza, maana katikati gia inaweza kugoma kuingia ukabaki huru. Washa breki ya ekzosti (huziba njia ya moshi ili injini ilizuie gari zaidi), toa mguu kwenye klachi. Ukiikanyaga, msaada huo unakatika. Mwendo ukipita kiwango ulichojiwekea, tuseme kilomita 30 kwa saa, kanyaga breki kwa nguvu hadi 22, kisha achia kabisa ipoe.

Injini itanguruma, siyo hatari mradi mshale wa mizunguko haujafika wekundu. Utachelewa kidogo, na nyuma watapiga honi. Waache wapige.

Kutoa gia na kuteremka huru ili kuokoa dizeli si njia kabisa, ndiyo maana hakumo kwenye ulinganisho huu.