Utengano au Siku Njema kwa kidato cha tatu?

Riwaya zote mbili zimewahi kutahiniwa Kenya. Kwa darasa la hapa Kisumu, ningeanza na Siku Njema (1996) ya Ken Walibora. Mhusika mkuu, Kongowea, anasimulia mwenyewe: mama yake, Zainabu, mwimbaji wa taarabu Tanga, anafariki, naye anafunga safari hadi upande wa Kitale kumtafuta baba. Mwanafunzi wetu anaijua Kitale. Pengine ana shangazi huko. Lugha inateleza, na hata anayeongea Kidholuo nyumbani na Sheng stendini hatakwama. Kasoro? Kongowea ni mwema mno, na bahati humwokoa mara nyingi kuliko inavyoaminika.

Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed haimwonei mtu haya. Maimuna, binti wa mwanasiasa Maksuudi, anafungiwa ndani, anatoroka, na mji unamtafuna. Kwa mjadala, hii inashinda kwa mbali. Ila Kiswahili chake cha Unguja kinadai kamusi na mwalimu asiye na haraka, kwa hiyo ningeiweka kidato cha nne. Wazazi wakilalamika kuhusu maisha ya Maimuna mjini, waazimwe kitabu kwanza.