Bruda isiyotumia moto: nzuri sana, mradi uwe na kuku wa kuijaza

Fundi wa mbao hapa Njoro, karibu na Nakuru, alinitengenezea bruda isiyotumia moto, yaani sanduku la kulelea vifaranga wachanga kwenye joto, kwa shilingi 3,200. Mbao na waya vilikuwa vyake, magunia na nyasi vyangu. Nimeshalelea humo makundi kadhaa ya vifaranga, na kwa kuwa watu wengi wanaiulizia, naeleza ilivyo ndani na inamfaa nani.

Ni sanduku la mbao, futi mbili na nusu kila upande. Ndani yake kuna wavu wa waya uliokunjwa mviringo na kuvishwa gunia, na ile nafasi kati ya wavu na mbao hushindiliwa nyasi kavu. Kifuniko ni fremu iliyowambwa gunia, nayo ina nyasi zake, na hushushwa mpaka ibaki kidogo iguse migongo ya vifaranga. Hakuna taa wala makaa. Joto linatoka kwa vifaranga wenyewe, nyasi kazi yake ni kulizuia lisipotee. Huo mviringo usikubali fundi akuondolee, kwa maana kifaranga akisikia baridi hukimbilia kona, wenzake wakamlalia, na wa chini akakosa hewa.

Njoro iko zaidi ya mita 2,100 juu ya bahari, na usiku wa Julai hapa si wa mchezo. Kifaranga wa siku moja anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Jiko la makaa linaweza kulitoa joto hilo, ila uamke usiku kulichochea na ulinde moshi usiwaue. Taa nayo inategemea stima, na stima hapa hukatika bila taarifa. Kwa bruda hii nalala. Alfajiri nikiinua kifuniko, mvuke wa joto hunipiga usoni, nao nawakuta wametawanyika, kila mmoja amejinyoosha shingo chini kwenye maranda. Hapo najua wamelala vizuri. Wakiwa wamerundikana wanalia, kifuniko kiko juu mno. Wakiwa wanahema midomo wazi, kiko chini mno au hewa haipiti.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawalisemi: bila wingi, bruda hii ni sanduku tu. Yangu inataka vifaranga 25 hadi 35. Wakiwa chini ya 15, kwa baridi yetu hawatoshi kupashana joto. Kuku mmoja wa kienyeji analalia mayai 10 hadi 13, na hayatotoki yote. Kwa hiyo kabla hujamlipa fundi, jifunze kuwafanya kuku watatu waangue siku moja.

Mimi nafanya hivi. Kuku akianza kushinda kiotani, akavimbisha manyoya na kutoa ile sauti nzito ukimsogelea, namwachia yai moja au mawili niliyoyatia alama ya mkaa, ya kumshikilia tu. Huku nakusanya mayai mabichi na kuyaweka mahali pa baridi, ncha chini, na lililopita siku kumi naenda kulikaanga. Wa pili na wa tatu wakishashika viota, nawawekea wote mayai usiku mmoja, gizani, kwa sababu gizani kuku hasumbuki na mkono. Viota navinyunyizia majivu kwanza, maana viroboto na utitiri ndivyo vinavyomwinua kuku kwenye mayai kabla ya siku zake. Siku ya saba napima kwa tochi: lenye uhai linaonyesha mishipa myembamba myekundu kama mizizi, lililo tupu ni jeupe mpaka chini, na hilo linatoka. Siku ya 21 banda lina kelele.

Nawategemea zaidi kishingo wangu wawili, wale kuku wasio na manyoya shingoni. Wale kienyeji walioboreshwa wa KALRO Naivasha, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, wanataga kweli kweli, ila wengi hawana hamu ya kuatamia, basi mayai yao nawapa kishingo wayalalie. Ila usimshikilie kuku na yai la alama muda mrefu. Kuku anayeatamia hutoka kula mara moja tu kwa siku na hukonda upesi. Mpe mahindi na maji karibu, na akimaliza kuangua usimrudishie mayai mengine papo hapo.

Vifaranga wakishakauka nawahamishia kwenye bruda jioni. Mama zao wanarudi kutaga baada ya wiki chache, badala ya kuzunguka na watoto miezi miwili au mitatu huku mwewe akiwapunguza mmoja mmoja. Kwangu faida kubwa ya sanduku hili ni hiyo, kuliko hata makaa ninayookoa.

Kasoro zipo. Langu lililetwa limepakwa rangi ya mafuta hadi ndani, ikabidi likae nje mpaka harufu iishe. Matundu ya hewa yalikuwa machache, nikayaongeza. Wavu ulikuwa wa macho mapana, na panya hawahitaji zaidi ya hapo. Maji hayawekwi ndani, kwa hiyo unahitaji kiwanja kidogo kilichozungushiwa waya mbele ya mlango wa sanduku, na siku tatu za kwanza mtu awepo nyumbani kuwafundisha vifaranga kutoka kula na kurudi kujipasha. Anayeshinda kazini asijidanganye. Nyasi nabadilisha kila kundi jipya, kwani zikilowa zinaota ukungu, na ukungu huo unaingia mapafuni mwa vifaranga. Na joto haliwakingi na ugonjwa wa kideri, chanjo ya matone ya jicho ni lazima.

Mwenye kuku mmoja anayeatamia, amwachie tu mama alee wanawe. Mwenye kuku watatu au zaidi, hela hii inarudi. Mwambie fundi asipake rangi ndani, atumie waya wa macho madogo, na kifuniko akitundike kwa kamba nne ili ukipandishe kidogo kidogo vifaranga wanavyokua. Langu halina kamba, nalipandisha kwa vipande vya mbao, na fundi ameahidi kulirekebisha kabla ya kundi lijalo.